Athari ya Osborne si kila anguko la kampuni

Siku hizi kampuni ya simu au kompyuta ikiyumba kidogo, hakosekani mchambuzi wa kusema imekumbwa na athari ya Osborne. Tetesi za toleo jipya zikivuja, Osborne. Mauzo ya robo mwaka yakishuka, Osborne. Kiwanda kikifungwa, Osborne huyo huyo.

Maana yake ni finyu. Mtengenezaji anatangaza mapema mno bidhaa itakayochukua nafasi ya ile anayoiuza sasa. Wateja wanaacha kununua ya sasa wakingoja mpya, nayo mpya haijafika dukani, fedha zinakata. Basi. Na aliyefungua mdomo lazima awe mwenye bidhaa mwenyewe.

Jina ni la Adam Osborne, aliyekuwa mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya kompyuta kabla ya kuanza kuziunda. Aprili 1981, huko California, alizindua Osborne 1, kompyuta ya kubebeka iliyobuniwa na Lee Felsenstein. Kubebeka kwa mwenye mabega: kilo 11 hivi, umbo kama cherehani iliyofungwa kwenye sanduku lake, na kioo cha inchi 5 tu. Lakini bei ilikuwa dola 1,795 pamoja na programu za WordStar (ya kuandikia) na SuperCalc (ya majedwali ya hesabu), ambazo ukizinunua kando zingekugharimu fedha nyingi. Ikauzika sana.

Kisa kinachosimuliwa ni kwamba mwanzoni mwa 1983 Osborne alianza kuwaonyesha waandishi wa habari kompyuta yake mpya, Executive, yenye kioo cha inchi 7. Wenye maduka wakasikia, wakafuta oda, mzigo wa Osborne 1 ukadoda. Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika.

Hapo ndipo ninapokereka, maana kisa hiki kinamwacha nje mshindani. Executive ilipangiwa bei ya dola 2,495, yaani dola 700 zaidi. Aliyejikusanyia fedha za Osborne 1 angeingoja ya nini? Tena tangu 1982 kulikuwa na kompyuta ya kubebeka ya mshindani, Kaypro II: dola 1,595, kioo cha inchi 9, herufi 80 kwa mstari dhidi ya 52 za Osborne 1, na mfumo endeshi ule ule wa CP/M. Muuza duka mwenye akili timamu angekuonyesha ipi kwanza? Juu ya hayo, IBM walikuwa wameingia sokoni tangu Agosti 1981, na mapema 1983 ikafika Compaq Portable, ghali lakini ikiendesha programu za IBM. Wateja wengi wa Osborne hawakuwa wakingoja chochote. Walikuwa wamehama.

Kuna na simulizi jingine la humo ndani ya kampuni: kwamba Executive ilipokwisha kuanza kutoka, bosi mmoja aligundua bodi za saketi za Osborne 1 zenye thamani ya dola 150,000 zimebaki, akaona hasara kuzitupa. Akaagiza zimaliziwe kuwa kompyuta kamili, na vioo, makasha na vinginevyo vikala kama dola milioni 2. Kama ni kweli, ubahili wa ghalani uliwaumiza kuliko mdomo wa tajiri wao.

Ukitaka athari yenyewe, tazama Nokia. Februari 2011 mkuu wake, Stephen Elop, alitangaza kwamba kampuni inahamia Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft, wakati simu zake zenye mfumo wa zamani wa Symbian bado ndizo zilizojaa madukani na Lumia, simu yake ya kwanza ya Windows Phone, haikutoka hadi mwisho wa mwaka. Mauzo ya Symbian yakaporomoka. Lakini Apple nao walitangaza Juni 2005 kwamba kompyuta zao za Mac zitahamia vichakato vya Intel, miezi kadhaa kabla hazijatoka, na mauzo yakaendelea kukua. Kutangaza mapema peke yake hakuui.

Wapo pia wanaolichanganya jambo hili na kutangaza bidhaa hewa, yaani kampuni kuahidi kitu ambacho hakipo ili mteja asinunue kwa jirani. Hiyo hukusudiwa kumuumiza mshindani. Athari ya Osborne humuumiza msemaji. Tetesi zilizovuja nazo zinaweza kumfanya mteja asubiri, lakini tuziite tetesi. Na kabla hujamtaja Osborne safari nyingine, uliza kwanza fedha ya mteja ilikwenda wapi. Kama bado iko mfukoni mwake, sawa, endelea. Kama ilikwisha kununua Kaypro, huo ni ushindani wa kawaida.