Je, wajua kwa nini "quiet" ya Kiingereza haikuanza na kelele?

Shuleni kwetu mwalimu akitoka darasani alimwachia kiranja chaki na neno moja la Kiingereza: "Quiet!" Aliyefungua mdomo, jina lake liliandikwa ubaoni. Nilikua nikijua kwamba quiet ni kimya, basi, na kwa miaka mingi sikuwahi kukutana na sentensi iliyonifanya niwe na shaka.

Kisha nikapanga nyumba. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, na katikati yake palikuwa na maneno quiet enjoyment. Nikayasoma kwa tafsiri ya kiranja: furaha ya kimya. Nikaelewa kwamba mpangaji anatakiwa kuishi bila kelele. Kwa miezi kadhaa nilisikiliza redio kwa sauti ya chini kabisa, na wageni wakija niliwaomba wazungumze taratibu. Baadaye akahamia jirani ghorofa ya juu, mtu wa kusogeza meza na vitanda usiku wa manane. Nikachukua mkataba ule ule, nikaenda kumwonyesha mwenye nyumba kifungu kile, nikidai anilindie usingizi wangu. Rafiki yangu mwanasheria ndiye aliyenikalisha chini akanieleza kwamba nilikuwa nimekosea mara zote mbili. Kifungu kile hakinifungi mimi wala jirani. Kinamfunga mwenye nyumba.

Enjoyment ya sheria si furaha. Ni kukaa na kuitumia haki uliyopewa. Nayo quiet hapo maana yake ni bila kuingiliwa. Mwenye nyumba anaahidi kwamba, ilimradi unalipa kodi na kutimiza masharti, hatakufungia mlango, hatakutolea vyombo nje, wala hataingia ndani kana kwamba hukupanga. Ahadi hiyo imo katika Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2012, na zote mbili zimeirithi kutoka sheria ya Uingereza pamoja na lugha yake ya kizamani: mpangaji akae "peaceably and quietly".

Nilifikiri kosa hili ni letu sisi tuliojifunzia Kiingereza ubaoni. Sivyo. Mwaka 1888, katika kesi ya Jenkins dhidi ya Jackson, mpangaji wa Uingereza alilalamika mahakamani kwa sababu ukumbi wa juu yake ulitumika kwa dansi. Jaji Kekewich akamjibu kwamba neno quietly kwenye mkataba halihusiani kabisa na kelele. Linamaanisha kukaa na nyumba bila kukatizwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1999, suala hilo lilirudi mbele ya mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo. Wapangaji wa nyumba za halmashauri ya Southwark, London, walisema kuta ni nyembamba kiasi kwamba walisikia televisheni za majirani, watoto wakilia, watu wakipika, wakifagia na wakigombana. Majaji waliwahurumia, lakini wapangaji walishindwa.

Hata hivyo, hukumu hiyo haisemi kwamba kelele haiwezi kuingia kamwe. Majaji walikubali kwamba kelele ikizidi hadi mtu ashindwe kuitumia nyumba yake, inaweza kuhesabiwa kuwa ni kuingiliwa. Tatizo la wapangaji wa Southwark ni kwamba kuta zilikuwa nyembamba tangu kabla hawajapanga, na ahadi ya mwenye nyumba inatazama mbele, haimdai arekebishe jengo alilolikodisha likiwa vile vile. Kwa hiyo kelele inaweza kuwa njia ya kumwingilia mpangaji, lakini siyo maana ya neno lenyewe.

Sasa neno hili lilitoka wapi hata likawa na sura mbili? Mzizi wake ni Kilatini quietus, yaani aliyepumzika. Mfikirie mchukuzi anayepanda mlima na gunia la mahindi begani. Anafika juu, analitua, anakaa kivulini. Huyo ni quietus. Anaweza kuwa anaimba au anapiga soga na wenzake. Hiyo haimwondolei hali yake. Kinachohesabika ni kwamba gunia halimkalii tena begani na hakuna anayemwamrisha anyanyuke.

Badala ya gunia weka deni. Mtu anadaiwa, kila siku anagongewa mlango. Siku akimaliza kulipa anapewa stakabadhi, na anayemgongea hana tena sababu ya kuja. Hazina ya wafalme wa Uingereza ilitumia neno hilo hilo: ofisa aliyewasilisha hesabu zake zikakubalika aliandikiwa quietus est, yaani huyu ameachiliwa, hadaiwi. Ukilishika hili, mkataba wa nyumba unafunguka wenyewe. Mpangaji aliye quiet ni yule ambaye hakuna mtu anayekuja kumdai sehemu ile. Ndiyo maana hadi leo Marekani mtu hufungua shauri la "quiet title", akiiomba mahakama inyamazishe madai yote ya wengine juu ya ardhi yake.

Kutoka kwenye deni lililokwisha walizaliwa ndugu wengi, na hapa ndipo mimi hupata raha ya kweli. Quit ilikuwa kuwa huru na jambo, kisha ikawa kuliacha. Acquit ni kumwachia huru mshtakiwa. Quite, neno ambalo wanafunzi wetu hulichanganya na quiet kila mwaka, lilianza likimaanisha huru na safi, kama hesabu isiyobaki kitu. Kutoka hapo likafika kwenye "kabisa". Kwa hiyo anayeyachanganya anachanganya ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2022 ulipoenea mtandaoni msemo "quiet quitting", wa kufanya kazi kwa kiwango cha mkataba tu bila kujituma zaidi, maneno yote mawili yalikuwa yamerudi kukaa pamoja.

Sauti nayo iliingia kwa mlango wa kawaida. Simama nje ya chumba alimolala mtoto mchanga. Humwoni, utajuaje kwamba bado ametulia? Utatega sikio. Pumziko ni hali ya mwili, lakini aliye nje hulijua kwa kutosikia kitu, na polepole ishara huchukua jina la hali. Kwenye mazungumzo ya leo maana ya sauti ndiyo inayotangulia, kwa hiyo kiranja wetu hakukosea. Lakini hata hapo quiet haiwi kimya kabisa kama silent. Kwenye baadhi ya treni za Uingereza kuna behewa linaloitwa quiet, na abiria wake huruhusiwa kuongea kwa sauti ya chini.

Kiswahili hakina neno moja la kuyabeba haya yote. Bahari iliyo quiet ni shwari, soko lililo quiet limepoa, rangi zilizo quiet ni zile zisizowaka, na jambo lililofanywa on the quiet limefanywa chinichini. Watafsiri wa Biblia waliliona hili mapema. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, katika Kiingereza cha 1611 unaomba "a quiet and peaceable life", jozi ile ile ya kwenye sheria za ardhi. Kiswahili kikasema "maisha ya utulivu na amani". Hawakuandika ukimya. Kwa mkataba wa nyumba mimi ningeandika "kukaa bila kubughudhiwa".

Kuhusu jirani wa juu, rafiki yangu aliniambia nimtafutie kifungu kingine. Kelele ina sheria zake zinazoitaja kwa jina. Kenya, kwa mfano, ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009. Redio yangu siku hizi naifungua kwa sauti ya kawaida.