Drama tulivu ya toba: maana yake na jinsi inavyojengwa

Kukomboa, kabla neno halijaingia kanisani na kwenye siasa, ni kazi ya mtu aliyeweka kitu rehani. Umeacha redio kwa mkopeshaji, umechukua hela, sasa unarudi na deni pamoja na faida yake. Usipolipa, hukomboi. Drama tulivu ya toba ni filamu iliyojengwa juu ya hesabu hiyohiyo. Mtu aliyevunja kitu cha wenzake, mara nyingi imani yao, anarudi kukilipia mbele ya macho yao, nasi tunaonyeshwa malipo yenyewe pole pole. Ni kinyume kabisa cha filamu za mapigano za Wakaliga, mtaa wa Kampala, zilizoitangaza Kampala nje ya nchi, ambako kosa hulipwa kwa risasi na hesabu ikafungwa.

Uganda dhana hii ina mtego wake, nao ni neno kuokoka. Tangu uamsho wa miaka ya 1930 uliowapa watu jina la balokole, yaani waliookoka, ushuhuda wa hadharani ni jambo la kawaida: mtu anasimama, anataja dhambi zake, kusanyiko linaimba. Maishani una uzito wake. Kwenye skripti huwa njia ya mkato, kwa sababu deni linafutwa kwa maneno, tena mbele ya watu wasiodai chochote. Mwandishi akifika dakika ya 80 hajui amalizeje, anampeleka mhusika madhabahuni. Mtazamaji anatoka akiuliza: na yule aliyeibiwa je?

Anayetaka umbo sahihi la hadithi hii aangalie mato oput ya Waacholi wa kaskazini. Mtu akimuua mtu wa ukoo mwingine, koo hizo mbili huacha kula pamoja, kunywa pamoja na kuoana. Wazee huenda na kurudi kati yao. Kosa hukiriwa, ukoo wa mkosaji hulibeba, fidia inayoitwa culo kwor hulipwa. Ndipo pande zote mbili hunywa kutoka kibuyu kimoja pombe iliyotiwa mzizi mchungu wa mti wa oput. Kinywaji ni cha mwisho. Na uchungu wanaunywa wote, aliyekosa na aliyekosewa, jambo ambalo skripti nyingi hulisahau: kusamehe nako kunauma.

Hapohapo kuna tofauti ya pili. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwapa vyeti waasi walioacha silaha, wakarudi nyumbani. Cheti kinazuia mashtaka; hakimlazimishi jirani akukaribishe chakula. Nafasi ya pili ambayo filamu inaitafuta ni ile ya jirani, na huyo hana fomu ya kujaza.

Tuchukue hadithi ya kubuni. Mweka hazina wa kikundi cha akiba katika soko la Kalerwe alikula shilingi milioni 4 za wenzake. Amemaliza kifungo, amerudi, anasukuma toroli sokoni humohumo. Kila jioni anaweka noti ya 5,000 kwenye meza ya muuza nyanya aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, anasema "Nyabo," yaani mama kwa Kiganda, anaondoka. Milioni 4 kwa 5,000 ni siku 800. Hesabu hiyo asiitaje mtu yeyote. Ikitajwa kiasi kilichoibwa mara moja tu, mtazamaji ataigawa mwenyewe. Kati ya siku 800 onyesha tano au sita, na kila moja iwe na badiliko dogo: leo mama anaisukuma noti kwa kisu, siku nyingine anaiacha hadi upepo uichukue, baadaye anaikandamiza chini ya jiwe la mizani. Badiliko lisipokuwapo, tukio hilo ni marudio, na ndipo watu hulalamika kwamba filamu imelala.

Kisha lije jaribu la aina ileile. Mama anataka kwenda kuswali, pembeni hakuna mtu mwingine, anamwambia, "Nishikie mkoba." Hiyo ndiyo nafasi ya pili: kukabidhiwa tena kitu kilekile ulichokiharibu. Waandishi wengi hukosea hapa kwa kumpa mhusika ushujaa usiohusiana na kosa, kama kumwokoa mtoto kwenye moto. Ni jambo jema, ila halilipi deni la kikundi.

Sasa utulivu wenyewe. Kwenye filamu ya maongezi, ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja. Hapa ukurasa wa vitendo bila maneno unaweza kula dakika mbili au tatu, kwa hiyo kurasa 60 zaweza kutoa filamu ya dakika 90. Mtayarishaji anayepanga siku za kupiga picha kwa kuhesabu kurasa ataishiwa hela katikati.

Ukimya nao hurekodiwa. Kila mahali mnapopigia picha, wote wasimame kimya sekunde 30 hadi 60 huku kinasa sauti kikiendelea. Mhariri ataitandika sauti hiyo chini ya vituo vya maongezi. Ikikosekana, sauti inakatika ghafla na mtazamaji anadhani spika imekufa. Mvua ikipiga bati, sauti imeharibika, na ni vigumu programu yoyote kuisafisha. Pigeni matukio ya ndani asubuhi au tafuteni chumba chenye dari. Mwigizaji akimaliza kusema, mwongozaji asikate mara moja, ahesabu tano kimoyomoyo. Hasa kwa waigizaji waliozoea jukwaa, uso halisi huonekana wanapodhani kazi imekwisha.

Adui mkubwa wa filamu hii, lakini, ni kibanda cha video, ukumbi mdogo wa mtaani wa kuonyeshea filamu. Huko VJ, mfasiri anayesimulia filamu moja kwa moja, huifasiri kwa Kiganda juu ya sauti yake, na kila ukimya kwake ni kiwanja: ataweka mzaha, methali, salamu za mtaa. Kumlaumu ni bure, ndiyo kazi yake na watu wamelipia. Dawa ni kuweka maana kwenye vitu vinavyoonekana, noti, jiwe, mkoba, ili hata sauti ikifunikwa hadithi isimame. Toba iliyo kwenye muziki wa kinanda peke yake haifiki kibandani.

Kuhusu mwisho, mama akirudi kutoka kuswali na kuuchukua mkoba wake, kuna tamaa ya kumfanya aseme "nimekusamehe." Usimpe maneno hayo. Afungue zipu, ahesabu hela zake noti kwa noti huku mwanaume amesimama, amalize, kisha amsogezee kiti. Kata kabla hajakaa.