Gurdwara ya Makindu: maana yake na historia yake

Gurdwara ni nyumba ya ibada ya Makalasinga, yaani wafuasi wa Usikh, dini iliyoanzia Punjab, kaskazini mwa Bara Hindi, kwa mafundisho ya Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, wa kwanza wa walimu wakuu wa dini hiyo waitwao Guru. Kwa wasafiri wa barabara ya Mombasa na Nairobi, inayojulikana kuliko zote ni ile ya Makindu, kaunti ya Makueni. Wengi wameijua kwa chapati na dengu zake kabla ya kujua lolote kuhusu dini yenyewe. Wala hawakuanzia pabaya, maana chakula kile ni ibada.

Asili yake ni reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi ziwa Victoria, wakaleta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi: Waislamu, Wahindu na Makalasinga. Makindu ikawa kituo cha reli, na Makalasinga waliofanya kazi hapo wakajenga gurdwara mwaka 1926. Baadaye kazi za reli zilipungua na watu wakahama, lakini mahali hapo pakaendelea kuwa pa kuhiji kwa Makalasinga wa Afrika Mashariki.

Ndani ya ukumbi hakuna sanamu. Kinachoheshimiwa ni kitabu, Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430. Mwaka 1708 Guru wa kumi, Gobind Singh, aliagiza kwamba baada yake hapatakuwa na Guru mwanadamu tena. Kitabu hicho ndicho Guru. Kwa hiyo hukalishwa juu ya kiti cha enzi, hupepewa kwa usinga, na usiku hupelekwa kupumzika. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba ndani yake mna hata beti za Sheikh Farid, Mwislamu wa njia ya Kisufi, na za Kabir, mfumaji nguo. Toleo lake la kwanza liliwekwa mwaka 1604 katika Harmandir Sahib, mjini Amritsar, hekalu lenye milango minne ili mtu aingie kutoka upande wowote.

Halafu kuna jiko, linaloitwa langar. Katika jamii ya Kihindi ya zama zile, mtu wa tabaka la juu hakukubali kula pamoja na wa tabaka la chini. Guru wa tatu, Amar Das, akaweka sharti: anayetaka kumwona aketi kwanza chini, safu moja na wengine, ale. Tajiri na maskini walipewa chakula kilekile, na haikuwa rahisi kwa wakubwa kukubali. Hadi leo chakula hupikwa bila nyama, ili asiwepo wa kukataa kwa sababu ya dini yake. Kupika, kupakua na kuosha vyombo ni kazi za kujitolea, nazo zinahesabiwa kuwa ibada sawa na sala.

Huko Makindu dereva wa lori, utingo wake na familia inayokwenda pwani hula bila kulipa, na vyumba vya kulala wasafiri vipo pia. Sadaka ni hiari. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, mwanamume kwa mwanamke, wala haingii na sigara au pombe. Pakua kiasi utakachomaliza, kwani kubakiza chakula cha langar si adabu.