Kulala au kufumba macho tu?

Mgonjwa ninayempima ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini akinirudishia kipimo asubuhi, macho yangu hayaendi kwanza kwenye idadi ya pumzi zilizokatika. Nataka kujua alilala kwa muda gani.

Kifaa cha kupimia nyumbani tunachotumia hapa Kisumu kina mrija wa puani, mikanda ya kifua na tumbo, na klipu ya oksijeni kidoleni. Hakina nyaya za kichwani za kusoma mawimbi ya ubongo, na hayo ndiyo yanayothibitisha kwamba mtu amelala. Ukali wa ugonjwa hupatikana kwa kuhesabu mara ambazo pumzi ilikatika au kupungua, kisha kugawanya kwa saa za usingizi. Kuanzia 5 kwa saa ni ugonjwa mdogo, 15 wa wastani, 30 mkali.

Tuseme dereva wa lori amekiwasha saa nne usiku, akakizima saa kumi na mbili asubuhi. Saa 8, matukio 112: anapata 14, ugonjwa mdogo. Kumbe kwa jirani kulikuwa na matanga, spika zinanguruma mpaka saa sita, naye anageukageuka tu kitandani. Ondoa saa hizo 2, ugawanye kwa 6: karibu 19. Ugonjwa umeshakuwa wa wastani.

Saa hizo nazitafuta kwenye mistari ya grafu. Aliye macho hupumua ovyo: anashusha pumzi, anameza mate, anakohoa, mkanda unaruka. Usingizi ukimchukua, mstari hutulia na mapigo ya moyo hushuka. Mwenye ugonjwa mkali, hata hivyo, hatulii kamwe. Akisinzia tu mstari unalala bapa, halafu anakurupuka na pumzi kubwa, tena na tena. Kwangu mimi, mfululizo huo wenyewe ni dalili kwamba amelala.

Vipo pia vifaa vya mkononi vinavyokadiria usingizi kwa mtikisiko wa mkono. Vinasaidia, ila aliyekosa usingizi akalala kimya akitazama mabati ataandikiwa kuwa amelala. Ndiyo maana namwomba kila mgonjwa aandike alizima taa saa ngapi na aliamka lini kwenda choo. Karatasi hiyo naithamini sana.

Isitoshe, bila mawimbi ya ubongo huoni pale usingizi unapokatizwa kidogo huku oksijeni haijashuka. Kwa hiyo majibu yakitoka safi na mtu bado anasinzia kwenye usukani, simwambii ni mzima. Namwandikia kipimo kamili, cha nyaya za kichwani.