Vikaragosi darasani na wodini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwambie mwalimu mkuu wa shule yoyote huku Igombe au Kayenze kwamba unaomba kuingia darasa la nne na kikaragosi, yaani mdoli anayechezeshwa kwa mkono. Atacheka, halafu atakuuliza kama mtihani wa muhula unamjua huyo mdoli wako. Kipeleke wodi ya watoto, na hakosi bibi mmoja anayemuuguza mjukuu, atakayekitazama kwa jicho la pembeni huku akijivutia kanga. Kisha kutana na mtu wa mradi aliyetoka semina juzi. Yeye atakuambia kwa uhakika kwamba mbele ya mdoli mtoto hafichi kitu. Wote watatu wamekosea, lakini wa kwanza na wa pili wanaeleweka. Huyu wa tatu ndiye anayetisha, nami nitamrudia.

“Huo ni mchezo wa chekechea”

Hili halina haja ya maneno mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Afrika Kusini ilikuwa na vikaragosi vikubwa vilivyotembezwa barabarani kuwaeleza watu wazima habari za UKIMWI, wakati kuutaja tu ugonjwa huo hadharani kulikuwa aibu. Katikati ya miaka ya 1990 Kenya nayo ikawa na vikundi vya vikaragosi vya afya ya jamii. Kuanzia mwaka 2009, XYZ Show, kipindi cha televisheni cha Gado, mchora katuni ambaye ni Mtanzania mwenzetu, kiliwachokonoa wanasiasa wa Kenya kwa vikaragosi vya mpira, na hakuna aliyesema kile ni kipindi cha watoto. Kikaragosi kikitaja kondomu mkutanoni na mkwe wako amekaa mstari wa mbele, aliyetaja ni kikaragosi, wewe humo.

“Mambo ya Wazungu hayo”

Anayesema hivi akafike Bujora, pale Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi baada ya mavuno. Katika kuvuta huko wachezaji walitoa sanamu za mbao, nyingine zenye viungo vinavyochezeshwa, ili watu wa upande wa pili waache ngoma yao waje kushangaa. Tusizidishe chumvi: lengo lilikuwa kushinda. Hakuna aliyekuwa akifundisha watu kunawa mikono. Lakini ile kanuni kwamba kitu kisicho na uhai kikicheza vizuri mtu mzima atasimama kutazama, Msukuma hakuisubiri semina.

“Hicho ni kitu cha ushirikina”

Hapa nasimama kidogo upande wa bibi. Mashindano hayohayo ya ngoma yalikuwa na dawa zake za mvuto, na sanamu zilikuwa sehemu ya mambo hayo. Tena Kanda ya Ziwa imezika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, na watu wenye ualbino waliouawa kwa imani za kipumbavu. Mtu akiona kisanamu chenye nywele kinatolewa mfukoni mbele ya mgonjwa, kuuliza ni haki yake.

Jibu la swali lake si hotuba. Kitengenezeni mbele yake. Soksi ya mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja, vifungo viwili vya shati, uzi wa sufu kwa nywele, kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi cherehani. Bibi mwenyewe apewe sindano ashone jicho moja. Usitumie nywele za mtu, mfupa, manyoya wala kombe. Mkono wako uonekane unaingia na unatoka. Kinachoshonwa mbele ya wodi nzima saa nne asubuhi hakibaki na siri ya kuogopwa.

Watoto wadogo sana ni suala jingine. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anaweza kukiogopa kweli, na dawa yake ni kutokimsogezea usoni. Kiache kimelala kikapuni hadi aulize mwenyewe ni nani yule.

“Lazima uwe na kipaji, uzungumze bila kuchezesha midomo”

Huna haja. Watoto wanaona midomo yako inacheza na hawajali, kwa sababu macho yao yanafuata kile unachokitazama wewe. Ukimtazama mtoto, watakutazama wewe. Ukikitazama kikaragosi kama mtu anayesubiri jibu, nao watasubiri jibu lake. Mambo mawili tu ya mkono yanafaa kufanyiwa mazoezi mbele ya kioo. Mdomo ufunguke kwa kushusha kidole gumba. Anayeanza huinua vidole vinne vya juu, na kikaragosi kinaonekana kinatazama dari kila kinaposema. La pili, macho ya kikaragosi yamwelekee anayeambiwa. Kikikodolea ukuta, mchezo umekufa.

Kuna jambo jingine ambalo semina nyingi huliruka, na huku kwetu ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mtoto aliyelelewa vizuri huamkia watu tangu asubuhi hadi usiku na huitikiwa. Yeye ndiye mdogo wa kila mtu. Sasa kikaragosi kimwambie, “Shikamoo kaka.” Utaona mgongo unanyooka. “Marahaba,” atasema, kwa sauti ya baba yake kabisa, na kuanzia hapo yeye ndiye mkubwa: anajua, anaelekeza, anakemea. Mtoto ambaye hajafungua mdomo darasani tangu Januari anaweza kumfundisha mdogo wake huyo wa soksi kuhesabu. Ndiyo maana napinga vikaragosi vinavyoitwa “Profesa” au “Daktari Fulani”. Watu wazima wa kuwaelekeza watoto wanao tele.

“Kikishatoa ujumbe, somo limeeleweka”

Onyesho la kawaida liko hivi: kikaragosi kinatokea, kinasema tuepuke kichocho, watoto wanaitikia “Ndiyooo”, wanapiga makofi, na saa nane mchana nusu yao wako majini. Walichojifunza ni kuitikia.

Kikaragosi kinafundisha kikiwa kimekosea. Chukua hili la shule moja iliyo jirani na mwalo, darasa la nne, mwalimu ana samaki wa kitambaa cha buluu mkononi aitwaye Sato:

“Shikamooni kaka zangu na dada zangu!”

“Marahabaaa!”

“Leo nina habari njema. Mimi nimezaliwa ziwani, nalala ziwani, na sijaugua kichocho hata siku moja. Kwa hiyo maji hayana shida. Twendeni tukaoge!”

“Muongo huyo!”

“Muongo kivipi? Nani ameniona nikiumwa?”

Msichana wa dawati la nyuma akasimama. “Wewe ni samaki. Wale wadudu wanataka mtu.”

“Aaa, basi dada, wewe uchemshe maji ya kunywa, yaishe.”

Darasa likagawanyika, kwa kuwa nusu yao waliamini hivyohivyo: kichocho kinanywewa. Hapo ndipo mwalimu akapata nafasi ambayo ubao haumpi. Kichocho cha tumbo, kilichozoeleka ukanda huu wa ziwa, huanza na mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mgonjwa. Mayai yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vyake vinaingia kwenye konokono wa maji, vinakua humo kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kuchemsha maji ya kunywa ni jambo jema, ila hakumkingi anayefua, anayeoga au anayevuta nyavu. Na zile dawa za shuleni, ambazo kila mmoja wao anakumbuka kusimamishwa kwenye ule ubao wa kupimia urefu ili ajulikane ameze vidonge vingapi, huua minyoo iliyokwisha komaa mwilini siku hiyo. Haziwekei ukuta minyoo ya kesho.

Sato alikataa kuelewa. Alieleweshwa na wanafunzi wanne, mmoja baada ya mwingine, na wa nne ndiye aliyetaja choo bila kuulizwa. Kutaja choo mwenyewe ni kipimo kizuri kuliko makofi.

“Kinasaidia kumzuga mtoto achomwe sindano”

Nusu kweli. Mtoto anayetazama kitu kingine kinachompendeza wakati sindano inaingia huhofu kidogo na hata maumivu hupungua. Wauguzi wanajua hilo hata bila vikaragosi. Kosa linaanza pale kikaragosi kinaposema “haiumi”. Inauma, mtoto anajua sasa hivi, na kesho hatamwamini muuguzi wala soksi. Kwa mtoto atakayerudi tena na tena, kama wale wa matibabu marefu ya saratani pale hospitali ya Bugando, uongo wa siku ya kwanza unalipwa miezi kadhaa.

Njia inayofaa ni kugeuza zamu. Bomba la sindano lisilo na sindano, pamba, plasta, kisha mtoto ndiye amtibu kikaragosi. Utashangaa anavyomshika mkono kwa nguvu, anavyomwambia “tulia wewe, ukilia nakuongeza nyingine”. Usimrekebishe. Anakuonyesha alivyoshikwa yeye, na hiyo ni taarifa kwa muuguzi.

“Mbele ya kikaragosi mtoto husema ukweli wote”

Sasa yule mtu wa semina.

Ni kweli kwamba vikaragosi vina historia ndefu katika tiba. Lauretta Bender na Adolf Woltmann walivitumia kwa watoto katika hospitali ya Bellevue, New York, na kuandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1936. Pia kuna mbinu ya mahojiano iliyobuniwa Berkeley kwa watoto wadogo: vikaragosi viwili vinasema mambo yanayopingana, kimoja “mimi nina marafiki wengi”, kingine “mimi sina marafiki wengi”, kisha vinauliza, “Na wewe je?” Uzuri wake ni kwamba majibu yote mawili tayari yana mwenyewe. Mtoto haoni aibu kuchagua lile baya, na hasukumwi kuchagua lolote.

Sasa tazama kinachotokea mtu akisukuma. Huko California, kesi ya shule ya awali ya McMartin ilianza na tuhuma za mwaka 1983 kwamba watoto walidhalilishwa kingono. Mamia ya watoto walihojiwa, wengi wao kwa vikaragosi vya mkononi, na maswali yalikuwa na majibu ndani yake: kikaragosi mwerevu ni kile kinachokumbuka mabaya. Kesi iliburutwa hadi 1990 bila mtu yeyote kutiwa hatiani. Tangu hapo wanaohoji watoto kwa ajili ya mahakama wanaonywa kukaa mbali na vitu vinavyomwingiza mtoto katika mchezo wa kuigiza, maana kwenye mchezo mtoto ana ruhusa ya kubuni. Anabuni vizuri sana. Hiyo si tabia mbaya, ndiyo kazi ya mchezo.

Kwa hiyo mwalimu, au dada wa kituo cha watoto, mtoto akimwambia kikaragosi chako jambo zito, kwamba mtu fulani humwingilia usiku, au kwamba anapigwa nyumbani, usikifanye kikaragosi kuwa mpelelezi. Usiulize “Ni mjomba, eti?” Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, andika maneno yake kama alivyoyatamka, kisha peleka kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma kwa mtoto nayo inapokea simu. Kila swali la ziada unaloliuliza kwa udadisi linaweza kuja kutumiwa na wakili wa mtuhumiwa, naye atakuwa na haki.

Vivyo hivyo kwa mtoto aliyefiwa na baba ziwani. Akimzamisha kikaragosi kwenye beseni mara kumi, muache amzamishe, kaa karibu naye. Kama wiki zinapita, halali usingizi, hali chakula, hachezi na wenzake, anahitaji mtu aliyesomea afya ya akili ya watoto. Soksi imefika mwisho wa uwezo wake.

“Kinaponya usonji”

Hakiponyi. Usonji (autism) si ugonjwa wa kuponywa kwa mdoli. Wapo watoto wenye usonji wanaokitazama kikaragosi kwa utulivu kuliko wanavyoutazama uso wa mtu, na hapo mwalimu anapata mlango. Wapo pia wasiostahimili mguso wa sufu wala sauti ya kubana pua. Mtoto mwenyewe atakuambia yuko kundi gani, mara nyingi ndani ya dakika ya kwanza.

“Kimoja kinatosha wodi nzima”

Hapana, na hili ni la usafi tu. Kitambaa kinachopita mdomoni mwa mtoto mmoja hadi mashavuni mwa mwingine kinabeba mafua, kuhara na upele, na kwa mtoto ambaye kinga yake imeshushwa na dawa za saratani hilo si jambo dogo. Kila mtoto apewe chake, kisijazwe sponji kwa sababu hubaki na unyevu ndani, kifuliwe kwa sabuni na kukaushwa juani kabla ya kutumika tena. Macho yashonwe kwa uzi mara mbili, au yachorwe kwa kalamu isiyotoka kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, maana kifungo kilicholegea huishia kooni.