Meya wako hawezi kumfukuza mkuu wa polisi kwa kugonga meza

Wiki hii nimekutana nayo tena, sura ileile ya riwaya. Meya anaingia, anatupa faili mezani, anamtazama mkuu wa polisi aliyeoza kwa rushwa na kumwambia: "Kuanzia sasa huna kazi." Mkuu anavua kofia, anatoka, sura inakwisha. Mimi ni mwanasheria wa mambo ya miji, na waandishi wa riwaya huniletea miswada nikague kama mambo ya halmashauri yamekaa sawasawa. Sura hii nimeikata kwa kalamu nyekundu mara nyingi mno. Sasa naiandikia hapa, ili mwingine akija nimwelekeze asome.

Jambo la kwanza, kwa haraka: mkuu huyo ni mwajiriwa wa nani? Kenya polisi ni wa taifa, na Ibara ya 245 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali juu ya kuajiri, kupandisha cheo au kufukuza askari. Paris ina meya wake, lakini mkuu wa polisi wa jiji hilo huteuliwa na serikali kuu. Ukiweka hadithi yako kwenye nchi ya namna hiyo, meya wako ana barua, simu na mikutano ya hadhara, basi.

Lakini waandishi wengi hubuni mji wenye polisi wake, na hapo ndipo ninapochoka. Wanaamini kwamba kwa kuwa polisi ni wa mji na meya ndiye mkubwa wa mji, basi kalamu ya kufukuza iko mfukoni mwake. Haiko hivyo! Kuteua ni mamlaka moja, kusimamisha ni nyingine, kufukuza ni ya tatu, na sheria ya mji inaweza kuzigawa kwa watu watatu wasiosalimiana.

Tazama Los Angeles. Machi 1991 askari walimpiga Rodney King, dereva mweusi, na mkanda wa video ukaonekana dunia nzima. Meya alikuwa Tom Bradley, mtu aliyewahi kuwa askari wa jeshi hilohilo la polisi na kufikia cheo cha luteni. Mkuu wa polisi, Daryl Gates, alikuwa kitini tangu 1978. Mwezi wa Aprili Bradley alimtaka hadharani ajiuzulu. Gates akakataa. Tume ya Polisi, ambayo wajumbe wake huteuliwa na meya, ikampa likizo ya lazima ya siku 60. Ndani ya siku chache Baraza la Jiji likawa upande wa Gates na mahakama ikamrudisha ofisini. Ajira yake ililindwa na sheria za utumishi, na kumwondoa kulihitaji sababu iliyothibitishwa, siyo hasira ya meya hata kama hasira hiyo ilikuwa ya haki.

Halafu soma kilichofuata, maana humo mna riwaya nzima. Zaidi ya mwaka mmoja meya na mkuu wake wa polisi hawakuzungumza. Jioni ya Aprili 29, 1992, ghasia zilipolipuka baada ya mahakama kuwaachia askari walioshtakiwa kwa kumpiga King, Gates alikuwa kwenye hafla ya kuchangisha fedha za kupinga mabadiliko ya sheria ambayo yangempunguzia kinga mkuu wa polisi. Jiji linawaka, viongozi wawili hawasemezani! Mwezi wa Juni wapiga kura wakayapitisha mabadiliko hayo: mkuu angekaa miaka 5, vipindi visivyozidi viwili. Gates akaondoka mwezi huohuo. Niambie kama sura ya kutupa faili inafikia hata robo ya hapo.

Kuna njia ya upande wa pili pia. London, mwaka 2008, meya Boris Johnson hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumfukuza Kamishna Ian Blair, mkuu wa polisi wa jiji. Alimwambia tu kwamba hana imani naye, na Blair akajiuzulu. Mwaka 2022 meya Sadiq Khan alifika palepale na Kamishna Cressida Dick. Kwa hiyo meya asiye na kalamu anaweza kushinda kwa neno, iwapo mkuu anaona aibu. Mkuu mbaya kweli haoni aibu, na huyo ndiye uliyemchagua kwa hadithi yako. Meya atabaki na bajeti, na wajumbe wa tume ambao muda wao unakwisha, na mkaguzi wa hesabu anayejua kuuliza zilikokwenda fedha za saa za ziada. Hizo ni silaha za polepole, na askari wa chini watamwona meya kama adui yao kabla hajamfikia bosi wao.

Nina shaka moja ambayo vitabu vya sheria huipita kwa mguu mwepesi. Kinga ile iliyomlinda Gates iliwekwa kwa nia njema, mkuu wa polisi asiwe kijakazi wa wanasiasa. Chicago, Desemba 2015, meya Rahm Emanuel alimwondoa mkuu wa polisi Garry McCarthy siku chache tu baada ya video ya askari akimuua kijana Laquan McDonald kutoka. Meya alikuwa na mamlaka na aliyatumia. Hata hivyo, kijana yule aliuawa Oktoba 2014, zaidi ya mwaka mzima kabla ya wananchi kuiona video hiyo. Nimefanya kazi hii muda mrefu na bado sijui lipi linaumiza watu zaidi, mkuu asiyegusika au mkuu anayeweza kutolewa kafara ili meya apumue. Nikiulizwa kwa kushtukizwa, kila siku natoa jibu tofauti.

Mwandishi wa juma hili nimemrudishia sura yake na maswali mawili pembeni: tume ya polisi ina wajumbe wangapi, na wangapi kati yao wanamwogopa mkuu kuliko meya? Amenijibu usiku kwamba anaanza upya kuanzia sura ya nne.