Meli za Mtego na Mapenzi ya Bandarini: Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Wanamaji za Hollywood za Miaka ya 1930

Kati ya 1931 na 1938 Hollywood ilitoa filamu kadhaa za wanamaji wa Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza ambazo nusu yake ni mabaharia wakigombea msichana, na nusu nyingine ni mapambano na nyambizi za Wajerumani. Hapa tunazo nne: The Seas Beneath na Suicide Fleet (zote 1931), Hell Below (1933) na Submarine Patrol (1938). Watu wengi huzitazama kama mzaha mtupu. Anayeijua kazi ya bahari ya 1917 na 1918 huona kinyume chake: yale yanayoonekana kama vituko ndiyo mara nyingi ya kweli, na yale yanayopita bila kutiliwa shaka ndiyo yaliyobuniwa.

Jambo moja la lugha kwanza. Manowari ni meli yoyote ya kivita. Ile inayozama na kuibuka ni nyambizi. Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji mwaka 1914 ilikuwa manowari. Wengi huyachanganya maneno haya mawili, na kwenye filamu hizi ukiyachanganya hutaelewa nani anamwinda nani.

Dhana: "Zilitengenezwa wakati wa vita ili kuwatia watu moyo."

Hapana. Vita vilikuwa vimekwisha Novemba 1918. Filamu hizi zilipigwa wakati wa amani, miaka 13 hadi 20 baadaye, kwa ajili ya kuuza tiketi.

Dhana: "Meli ya matanga yenye mizinga iliyofichwa ni ndoto ya mwandishi."

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Uingereza ilianza kutumia meli za mtego, yaani meli za kivita zilizojifanya za biashara, mwishoni mwa 1914. Hesabu yake ilikuwa rahisi: nyambizi ilibeba topido (makombora yanayosafiri chini ya maji) chache, tena za gharama kubwa. Nahodha wa Kijerumani akiona chombo kidogo cha matanga, hakutaka kupoteza topido. Aliibuka na kutumia mzinga wa sitahani. Mtego ulitegemea ubahili huo.

Kazi ilikwenda hivi. Meli hupeperusha bendera ya nchi isiyo vitani, na wanamaji huvaa nguo kuukuu za mabaharia wa biashara. Mizinga hufichwa nyuma ya kuta za sitaha zenye bawaba, zinazoanguka kwa mkupuo mmoja. Ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo, hujazwa magogo ili chombo kikitobolewa kisizame upesi. Nyambizi ikianza kupiga, kundi la mabaharia hukimbilia mashua kwa fujo na makelele, kana kwamba meli imeachwa tupu. Mabaharia wa nahodha Mwingereza Gordon Campbell walishuka hata na kasuku mfu aliyekaushwa, ndani ya tundu lake. Wapiga mizinga hubaki wamelala kifudifudi, wakivumilia makombora bila kujibu, hadi adui asogee karibu. Kabla ya kombora la kwanza, bendera ya uongo huteremshwa na ya jeshi la maji hupandishwa, kwa kuwa kupiga chini ya bendera ya mwingine ni kuvunja sheria ya vita.

Tarehe 30 Aprili 1917 meli ya mtego ya matanga ya Waingereza, HMS Prize, ilivumilia makombora ya nyambizi ya Kijerumani U-93 kwa dakika zipatazo 20 kabla ya kufyatua. Nahodha wa nyambizi alirushwa majini na akaokolewa na meli hiyo hiyo aliyokuwa akiipiga. Waingereza waliamini wameizamisha. Kumbe ilifika kwao ikiwa imeharibika vibaya. Agosti mwaka uleule Prize ilizamishwa na watu wake wote.

Mtego uliharibika adui alipoacha ubahili. Meli ya mtego ya Wamarekani, USS Santee, ilipigwa topido Desemba 1917. Mabaharia waliigiza fujo yao yote, wapiga mizinga wakasubiri saa nyingi, na nyambizi haikuibuka kamwe. Kwa vita vyote, meli za mtego zilizamisha nyambizi zisizofika 20, wakati Ujerumani ilipoteza karibu 180 vitani. Hapo ndipo Suicide Fleet na The Seas Beneath, filamu mbili za meli za mtego, zinapopotosha: mtego ulikuwepo, lakini ushindi wake umekuzwa. Kilichookoa meli za biashara hasa ni kusafiri kwa misafara yenye ulinzi kuanzia 1917.

Dhana: "Mashua za mbao za Submarine Patrol ni kichekesho."

Marekani ilijenga mashua 441 za namna hiyo za kuwinda nyambizi, zenye urefu wa mita 33 na nusu, injini tatu za petroli na mabaharia wapatao 25. Zilikuwa za mbao kwa sababu chuma na viwanda vikubwa vya meli vilihitajika kwa manowari kubwa. Wengi wa mabaharia walikuwa watu wa akiba: vijana wa vyuo na wapenzi wa mashua za starehe. Kwa hiyo wale wageni wa bahari wanaotapika na kujikwaa kwenye filamu hawakutiwa chumvi sana.

Uwindaji wenyewe ulihitaji subira. Mashua tatu zilikwenda kwa mstari, zikazima injini kwa pamoja na kutega sikio kwa vifaa vilivyoteremshwa majini. Kila moja ilitoa uelekeo wa sauti. Mistari ilipokutana kwenye ramani, hapo ndipo mabomu ya kulipukia chini ya maji yalitupwa. Injini ya mmoja ikichelewa kuzimwa, wote wanakuwa viziwi. Na nyambizi yenye nahodha mjanja ilinyamaza nayo ilipowasikia wamenyamaza. Tarehe 2 Oktoba 1918 mashua hizi zilikuwepo kwenye shambulio la Durazzo, Albania, zikizilinda meli kubwa.

Dhana: "Gesi ya sumu ndani ya nyambizi ya Hell Below ni chumvi ya Hollywood."

Filamu ambayo mpishi wake, aliyeigizwa na Jimmy Durante, anapigana ngumi na kangaruu ni rahisi kuidharau. Lakini gesi ile ni kemia halisi. Betri za nyambizi za wakati ule zilikuwa za madini ya risasi na asidi ya salfuriki. Maji ya bahari yakiingia, chumvi yake huzalisha klorini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hujaa chini kwanza. Dawa ni kufunga milango ya chumba kile na kuibuka kupata hewa. Ukiwa umekwama sakafuni mwa bahari, inabaki nusu ya kwanza tu ya dawa hiyo, na aliye ng'ambo ya mlango amekwisha.

Kosa la Hell Below liko kwingine. Inaweka nyambizi ya Marekani, AL-14, huko Taranto, Italia. Herufi AL ni sahihi: nyambizi za daraja la L za Marekani ziliandikwa hivyo ili zisichanganywe na za Waingereza. Ila zilifanya doria kutoka Berehaven, Ireland, na daraja zima lilikuwa na nyambizi 11 tu, kwa hiyo namba 14 haikuwepo.

Dhana: "Filamu za zamani zilikuwa na mapenzi ya adabu."

Kanuni za maadili za studio ziliandikwa 1930 lakini zilianza kusimamiwa kwa ukali Julai 1934. Ndiyo maana katika Hell Below ofisa anampenda waziwazi mke wa mtu, tena mume aliyelemaa vitani. Kufika Submarine Patrol, ni kijana tajiri na binti wa nahodha, wote hawana ndoa.

Dhana: "Wanawake wa jeshi la maji hawakuwepo bado."

Loretta Walsh aliandikishwa katika jeshi la maji la Marekani Machi 1917, na zaidi ya wanawake 11,000 wakamfuata, wengi wakifanya kazi za ofisi. Filamu hizi ziliwapa wanawake nafasi ya mpenzi au ya jasusi.

Dhana: "Meli zote zinazolipuka ni vichezeo."

Nyingi ndiyo, lakini si zote. Kwa ajili ya Hell Below, manowari halisi iliyostaafu, USS Moody, ilivalishwa sura ya Kijerumani na kulipuliwa mbele ya kamera. Kwa mifano midogo, kamera huendeshwa kasi zaidi ili mawimbi yaonekane mazito: mfano wa moja ya kumi na sita huhitaji kasi mara nne, yaani fremu 96 kwa sekunde badala ya 24. Kisichopungua ni tone la maji. Tazama povu kwenye omo, sehemu ya mbele ya meli: matone yakionekana makubwa kama vichwa vya watu, huo ni mfano mdogo ndani ya tangi la maji.